Wadau wa Dodoma: nataka kupigania sheria kali dhidi ya ukatili kwa wanyama, nianzie wapi?

Dada_Bati aliandika:

Mbukwenyi wadau.

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa Nala, barabara ya kwenda Singida. Kutwa naandika risiti za saruji, nondo na bati, na mbele ya mlango wangu ndipo mikokoteni ya punda inapopakia. Kwa hiyo ninachokisema hapa sikukisikia redioni.

Juzi kaja punda mmoja jike, rangi ya majivu, ana donda juu ya shingo pale nira inapokaa. Si mchubuko. Ni donda la kuingia kidole, kandokando nyama imeshakuwa nyeupe, na juu wamempaka oili chafu ya gari ili nzi wasitue. Wakapakia saruji, juu ya saruji wakaweka bati. Alipogoma kuondoka, kijana akachukua fimbo akawa anamgonga palepale kwenye donda, taratibu, hana hata hasira, kama mtu anayebisha hodi. Nikamuuliza, we vipi? Akanijibu, "Dada, hapo ndipo anaposikia."

Nimeanza kukusanya saini kwenye kaunta buku hapa dukani. Juu nimeandika kwa herufi kubwa: TUNATAKA SHERIA KALI DHIDI YA UKATILI KWA WANYAMA. Wateja wanasaini, wengine wanacheka lakini wanasaini. Mimi binafsi nataka kifungo cha miaka na faini ya mamilioni, mtu akiisikia tu mikono imlegee.

Sasa nimekwama. Huyu ananiambia Tanzania hatuna sheria ya wanyama zaidi ya wale wa mbugani. Yule anasema ipo, nikimuuliza inasemaje, hajui. Bunge liko hapahapa mjini, Wizara ya Mifugo iko Mtumba, nauli ya daladala tu nafika kote, ila sijui nikifika nimwone nani na niseme nini. Naombeni mwongozo wa mtu anayejua. Matusi kaeni nayo.

Kichwa_Ngumu alijibu:

Watu hawajashiba, wewe unahangaika na punda. Subiri kwanza nchi iendelee.

Dada_Bati alijibu:

Bomba likikauka huko kwenu, maji ya kuoga anakuletea nani? Haya, wengine tuendelee.

Mzee_wa_Josho alijibu:

Binti, nimekusoma. Nimekuwa bwana mifugo katika mkoa huu tangu enzi za kuzunguka na baiskeli, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, na sasa nimestaafu nafuga mbuzi wangu. Nitakujibu kirefu, uniwie radhi, wazee tukipewa nafasi ya kuongea hatujui kufunga.

Sheria ipo. Inaitwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe chenye hisia, inagusa namna ya kumfuga, kumsafirisha, kumfanyisha kazi na kumchinja, inataja wakaguzi wa ustawi wa wanyama na inaunda baraza la kushauri mambo hayo. Anayekuambia wanaolindwa ni tembo na twiga tu anachanganya na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, ambayo ni ya mwaka 2009. Punda wako wa Nala ana sheria yake, na ni ya mwaka mmoja nyuma ya ile ya tembo.

Kwa hiyo ukilibeba hilo daftari mpaka kwa mbunge ukasema "tunataka sheria kali", utapokelewa vizuri, utapewa maji ya kunywa, kisha utaambiwa sheria tunayo tangu 2008, ahsante kwa kuja. Na atakayekujibu hivyo hatakuwa amedanganya. Hapo safari yako imeisha.

Sasa nikwambie kwa nini sheria hiyo huioni hapo mlangoni kwako. Nikiwa kazini, siku ya mnada fulani, wachuuzi walikuwa wanapakia ng'ombe kwenye Fuso. Pale hapakuwa na jukwaa la kupakilia, walikuwa wanawakweza kwa kamba na kuwakunja mkia. Maksai mmoja akateleza, mguu wa nyuma ukavunjika juu ya goti. Mfupa uliisukuma ngozi kwa nje, ukawa unaonekana umbo lake. Wakaendelea kumvuta kwa pembe. Nikawasimamisha, nikasema hili ni kosa, twendeni kituoni. Kituoni nilisikilizwa vizuri kabisa. Kisha askari wa zamu akaniuliza swali moja: "Bwana mifugo, hiki kielelezo kitalala wapi?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa nalo. Ng'ombe mzima anataka maji na majani, na huyu hata kusimama hawezi. Kituo hakina zizi. Hakuna fungu la kununua pumba. Mwenyewe amesimama pembeni anasema akifa mikononi mwenu mtanilipa. Jua lilipotua maksai alikuwa ameshauzwa kwa mchinjaji, kielelezo kimekuwa supu, na shauri likaishia kwenye kitabu cha zamu.

Mtu akipigwa mtaani, kila mwananchi anajua aende polisi apewe PF3, daktari ajaze, mahakama isome. Punda akipigwa, nani ajaze nini? Anayeweza ni daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, aandike taarifa: donda liko wapi, la ukubwa gani, la siku ngapi, limesababishwa na nini. Taarifa hiyo ina uzito. Lakini tangu uanze kuona vidonda hapo dukani, umewahi kumpigia simu afisa mifugo wa kata yako? Wengi hawajui kama hiyo ni kazi yake, wanadhani yupo kwa ajili ya chanjo na kugonga mhuri kwenye nyama.

Ndiyo maana mimi kwenye daftari lako nisingeanza na miaka ya jela. Ukimpeleka kijana wa mkokoteni mbele ya hakimu na faini ya mamilioni, hakimu atamtazama yule kijana, atatazama ndala zake, atamwachia kwa onyo. Adhabu ikizidi kimo cha watu unaowakamata, haitolewi. Omba vitu vinavyoifanya sheria itembee: zizi la halmashauri la kuhifadhi mnyama aliyekamatwa, jukwaa la kupakilia kila mnada, maji mnadani, na jina la mkaguzi libandikwe ukutani na namba ya simu ya ofisi yake. Hivyo vikiwepo, halafu adhabu zikaonekana ndogo, tupandishe.

Neno la mwisho kwa leo, kuhusu hilo donda. Nira ni ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ya kuizuia, punda hana, mti unakaa moja kwa moja kwenye mfupa wa shingo na kila shimo la barabarani unapigilia. Punda anavuta kwa kifua. Anatakiwa avishwe mkanda mpana wa kifuani. Nimetibu vidonda vingi vya shingo ambavyo fimbo haikuhusika kabisa. Na oili chafu inaunguza nyama, waambie waache. Maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, yapoe, safisha, halafu mnyama apumzike mpaka pafunge.

Dada_Bati alijibu:

Shikamoo mzee. Hilo la kielelezo sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Namba ya afisa mifugo wa kata naitafuta kesho.

Joho_Jeusi alijibu:

Dada, mimi nasoma sheria hapa mjini, nimebakiza mitihani michache. Naunga mkono mzee kwa sehemu kubwa, niongeze njia za kupita kwa sababu uliuliza uende wapi.

Kama unataka kugusa sheria mama yenyewe, mbunge yeyote anaweza kupeleka muswada binafsi. Lakini ukiweka humo jambo la kutumia fedha za serikali, mfano mazizi na mishahara ya wakaguzi wapya, unagongana na ibara ya 99 ya Katiba: mambo ya fedha za Hazina yanatakiwa yaletwe kwa pendekezo la Rais kupitia waziri. Ndiyo sababu njia nyepesi ni wizara yenyewe. Kubadili adhabu ni jambo la kifungu kimoja, na vifungu vya namna hiyo huwa vinaingizwa kwenye ile Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali inayokwenda bungeni mara kwa mara. Muswada ukisomwa mara ya kwanza, kamati inaita wadau watoe maoni. Hapo ndipo daftari lako linapokuwa na maana, maana unakuwa umekuja na maneno ya kuingizwa kwenye kifungu fulani, na wajumbe wana karatasi ya kuyaandikia.

Njia ya pili ni kanuni. Waziri anatunga kanuni chini ya sheria, zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, Bunge halihitaji kukaa.

Ya tatu ndiyo ningeanza nayo mimi: sheria ndogo ya Jiji. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo, usije ukapoteza muda kwenye mkutano wa mtaa ukidhani mmepitisha. Mtaa unaweza kupeleka pendekezo. Linabebwa na diwani, linapita kwenye kamati, linakwenda Baraza la Madiwani, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni, kisha waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI anaidhinisha na linatangazwa. Wenzetu wa Bahi, Chemba na Chamwino walioko vijijini wana bahati zaidi: kijiji chenyewe kinaweza kutunga sheria ndogo kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, ikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Usidharau sheria ndogo kwa sababu faini yake ina ukomo. Kesi zake ni nyepesi, na nyingi zina kipengele cha kufifilisha kosa: mtu anakiri, analipa, anapewa stakabadhi, hakuna anayelala ndani wala kielelezo kinachohitaji pumba.

Sasa nimpinge mzee kidogo. Ukubwa wa adhabu nao una kazi yake. Uingereza mpaka juzijuzi kifungo cha juu kwa ukatili wa wanyama kilikuwa miezi 6. Watu walipiga kelele miaka, na mwaka 2021 kikapandishwa kuwa miaka 5. Marekani nako, jimbo la mwisho kuufanya ukatili uliokithiri kuwa kosa kubwa la jinai lilikuwa South Dakota, mwaka 2014. Mahakama na polisi wanapima uzito wa jambo kwa adhabu iliyoandikwa. Kosa la adhabu ndogo jalada lake linakaa chini ya mengine yote.

Mzee_wa_Josho alijibu:

Kijana umesema vizuri, lakini hao Waingereza umeanzia mwisho wa hadithi. Anzia mwanzo. Sheria yao ya kwanza ni ya 1822, ya mbunge mmoja Richard Martin, ilihusu farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Watu walimcheka bungeni. Unajua alifanya nini sheria ilipopita? Alikwenda mwenyewe mitaani kutafuta kesi. Moja ya kesi za mwanzo ilikuwa ya mchuuzi aliyempiga punda wake, na Martin akamleta huyo punda mahakamani hakimu amwone vidonda kwa macho. Kielelezo kimeingia kwa miguu yake minne! Miaka miwili baadaye, 1824, ndipo yeye na wenzake wakaunda chama cha kutetea wanyama, na moja ya mambo ya mwanzo waliyolipia ni watu wa kwenda kukagua soko la Smithfield na machinjio ya London. Sheria walikuwa nayo tayari. Walikuwa wananunua miguu ya kuitembeza.

Hiyo miezi 6 kuwa miaka 5 imekuja baada ya karibu miaka 200 ya watu kukamatwa na kupelekwa mbele ya hakimu. Sisi hapa tunataka kurukia ghorofani wakati ngazi bado.

Joho_Jeusi alijibu:

Ngazi nimeipokea mzee, ila ghorofa bado nalitaka.

Punda_Wangu_Ofisi_Yangu alijibu:

Mimi ndiye mnayemjadili. Naendesha mkokoteni hapa mjini, Nkuhungu, Kizota, mpaka huko Nala kwa dada. Nimesoma kila kitu.

Punda si wangu, pamoja na jina langu la humu. Wana bosi, na mimi napeleka hesabu kila jioni, iwe kulikuwa na mzigo au hakukuwa. Bosi anajua donda lipo. Nikimwambia huyu apumzike wiki ananiambia basi pumzika na wewe. Mkinifunga mimi, kesho asubuhi kuna kijana mwingine kashika hatamu ileile na donda lilelile.

Na mteja je? Mteja amenunua mifuko 20 ya saruji, anataka iende safari moja kwa sababu analipa safari moja. Nikisema tugawe mara mbili anaita mwenzangu, mikokoteni imejaa pale nje. Pale dukani kwa dada mwenyewe, wapakiaji wa duka ndio wanaobeba kutoka stoo na kurundika, mimi hata sijashika mfuko. Sasa nani mkatili hapo? Mfuko mmoja kilo 50, hesabu inajulikana kabla hata punda hajafika.

Simtetei yule anayegonga donda. Hiyo ni roho mbaya. Lakini sheria ikiandikwa "dereva" peke yake mtakuwa mmeandika sheria ya kuwakamata maskini.

Dada_Bati alijibu:

Kaka, umesema kweli tupu na imeniingia. Hiyo ya wapakiaji wa duka naiandika kwenye pendekezo.

@Joho_Jeusi, inawezekana sheria ndogo ikambana mwenye punda na mwenye mzigo?

Joho_Jeusi alijibu:

Inawezekana, ila iandikwe wazi. "Mtu yeyote atakayepakia, atakayesababisha au kuruhusu kupakiwa." Neno "kuruhusu" linamkamata bosi aliyekaa nyumbani, neno "kusababisha" linamkamata mteja na duka. Ukiacha maneno hayo, wakili wa mwaka wa kwanza anawatoa wote wawili.

Mama_Tenga alijibu:

Na kuku mnawasahau? Mimi nanunua kuku wa kienyeji Singida, Ikungi huko na Manyoni, nashusha Dodoma na Dar. Pikipiki zinawaleta kutoka vijijini wamefungwa miguu wananing'inia vichwa chini pande zote mbili, jua la saa nane. Nikifika kuwahesabu kuna waliokufa, wengine mabawa yamevunjika, wananuniwa na mteja. Mimi sijasoma sheria, kuku aliyekufa njiani ni hasara yangu. Matenga yapo, mafundi wapo. Lakini tenga linakula nafasi, konda anataka nauli ya mtu.

Mzee_wa_Josho alijibu:

Mama, kuku hana kiwambo cha kifua kama tulicho nacho sisi. Ukimgeuza kichwa chini, matumbo yote yanalalia mifuko ya hewa, anapumua kwa shida safari nzima. Anayekufa pale hajafa kwa jua peke yake. Binti, weka kuku kwenye daftari. Hilo hata Kichwa_Ngumu atalisaini, maana anawala.

Kichwa_Ngumu alijibu:

Nawala sana. Ila punda nao si kulikuwa na kiwanda hapa Dodoma wakinunua kwa hela nzuri? Mkakipigia kelele kikafungwa. Mnyama ni mali, mwenye mali akiuza kuna kosa gani?

Mzee_wa_Josho alijibu:

Kiwanda kilikuwepo hapa na kingine Shinyanga, na mwaka 2022 serikali ikavifunga. Ngozi zilikuwa zinakwenda China, zinachemshwa kutoa gundi ya dawa inayoitwa ejiao. Nitakujibu kwa hesabu tu, niache huruma pembeni. Punda jike anabeba mimba kama mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja. Hakuna namna ya kumzalisha kwa kasi ya kiwanda. Kwa hiyo wanunuzi walipomaliza waliokuwa wanauzwa kwa hiari, wezi wakamalizia waliobaki. Vijijini Bahi na Chemba mama aliamka akakuta kamba imekatwa, na tangu siku hiyo maji anabeba kichwani. Huyo mama hakuuza mali yake, unaona? Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi ya punda kwa miaka 15.

Joho_Jeusi alijibu:

Na humo mna funzo la sheria. Kenya walipiga marufuku uchinjaji wa punda Februari 2020, wenye kiwanda wakaenda Mahakama Kuu, na 2021 katazo likatenguliwa. Tamko la waziri bila misingi ya kisheria iliyokaa sawa ni karatasi. Dada, ukiona kiongozi anakupa tamko jukwaani, shukuru, piga makofi, halafu uulize litaingia lini kwenye Gazeti la Serikali.

Geti_Jeusi alijibu:

Samahani kuingilia, mtaani kwetu Chang'ombe watu wanatega sumu kwa mbwa wanaozurura. Mbwa anakufa kwa kutapatapa barazani kwa watu, watoto wanaangalia. Huo ni ukatili au ni kulinda afya?

Mzee_wa_Josho alijibu:

Ni ukatili na haulindi afya. Kichaa cha mbwa kinazuiwa kwa chanjo: mkichanja kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakosa pa kupita. Ukiua, wanaingia wengine wasiochanjwa. Na sumu hiyohiyo inaokotwa na kuku, kesho kuku yuko sahani. Pigeni simu ofisi ya mifugo muulize siku ya chanjo, mara nyingi huwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Dada_Bati alijibu:

Wadau, nimerudi na mrejesho.

Afisa mifugo wa kata nimempata. Ni dada mdogo tu, ana pikipiki na kata nzima ni yake. Alikuja, akamkagua yule punda wa majivu, akaandika taarifa na kupiga picha. Bosi wa punda kaitwa, kaambiwa ampumzishe, kakubali mbele yake. Tutaona.

Nimefungua ukurasa mpya kwenye daftari. Kichwa cha habari sasa kinasema: Tunaomba sheria ndogo ya Jiji kuhusu wanyama wa kazi na usafirishaji wa mifugo. Chini yake kuna zizi, jukwaa la kupakilia mnadani kuanzia na Msalato kwa sababu kila mtu anapajua, kuku kwenye matenga, kikomo cha mzigo, na yale maneno ya "kusababisha au kuruhusu". Ule ukurasa wa kifungo cha miaka sijauchana. Nimeuweka kwa ajili ya Joho_Jeusi na wizara, siku kamati ikiita wadau.

Diwani nimemwona. Kaniambia andaa barua, pitisha kwa mtendaji wa kata, akaniuliza kama wenye maduka wanaliunga mkono. Hapo ndipo penye kazi. Nilimwomba bosi wangu tubandike tangazo dukani, mkokoteni wa punda wawili usizidi mifuko kadhaa. Amekataa kabisa. Anasema nikiweka kikomo mimi, mteja anavuka barabara kwa jirani, jirani anapakia yote. Nilikasirika, lakini baadaye nikaona ndiyo hoja yenyewe ya kumpelekea diwani. Duka moja haliwezi. Ikiwa sheria ya Jiji, maduka yote yanabanwa siku moja na hakuna anayempoteza mteja. Nimemwambia bosi hivyo, akasema kwa mtindo huo hata yeye anasaini. Kasaini.

Mzee, naomba unisaidie jambo moja, kikomo tuandike mifuko mingapi?

Mzee_wa_Josho alijibu:

Ukiandika idadi ya mifuko watabishana mpaka kesho, kuna punda mkubwa, kuna mdogo, kuna matairi yasiyo na upepo. Kwa uzoefu wangu punda wawili wenye afya, njia tambarare, matairi yamejaa, mifuko 10 inatosha, na kwenye mlima punguza. Lakini kwenye sheria andikeni uzito kwa mnyama mmoja, na mwachie mkaguzi nafasi ya kupunguza akiona mnyama ni mgonjwa, ana mimba au ana donda. Kwa mzigo wa mgongoni ni rahisi zaidi: theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu wengi wana kama kilo 150, kwa hiyo kilo 50 ndiyo mwisho. Madumu mawili ya lita 20 sawa. Madumu manne ni kilo 80, hapo umeshavuka.

Na huyo afisa mifugo mpe salamu zangu. Mwambie asichoke kuandika.

Punda_Wangu_Ofisi_Yangu alijibu:

Mzee, huo mkanda wa kifuani nataka kuujaribu kwa hawa wawili nilionao, bosi kasema gharama ni juu yangu. Nina turubai la zamani na gunia. Upana uwe kiasi gani na unakaa wapi hasa?

Mzee_wa_Josho alijibu:

Upana wa kiganja kizima pamoja na dole gumba. Kunja turubai mara tatu, gunia liwe upande wa ngozi. Ukae juu ya kiungo cha bega lakini chini ya koromeo, ukipanda juu unamkaba, ukishuka unamzuia kutembea. Juu ya mabega weka mkanda mwembamba wa kuushikilia usiteremke. Ushone kwa uzi wa viatu, usitumie waya. Ukimaliza weka picha hapa, akiwa amesimama na akiwa anavuta.